Sanduku Ndani ya Jiwe la Msingi

Nchi yangu sitaitaja. Siyo kwa woga, ni kwa sababu jina lake bado liko kwenye kamati, na mimi sipendi kuitangulia kamati. Mwenyewe ni katibu wa kamati, ingawa siyo hiyo ya jina. Yangu ni ya mawimbi. Mwaka wa kumi na tisa huu naandika mihtasari ya vikao, na sijawahi kuandika neno ambalo halikusemwa, japokuwa yapo mengi yaliyosemwa ambayo sikuyaandika. Ukiniona humu nimekasirika, nivumilie. Kwenye muhtasari hakuna mahali pa kukasirikia.

Kwetu, kitu hakijawa kitu mpaka kiwekewe jiwe la msingi. Daraja lina jiwe. Kisima kina jiwe. Choo cha stendi ya Kitopeni kina jiwe la marumaru lenye jina la Naibu Waziri kwa herufi za dhahabu, na watu wakiingia pale huvua kofia. Zipo sehemu ambazo jiwe lipo na daraja halijafika, lakini hayo yanasemwa na watu wasioipenda nchi.

Basi likaja sanduku la intaneti isiyo na waya. Lilikuwa dogo, la ukubwa wa sahani ya wali, na antena nne zimesimama. Mhandisi Remijia Tindwa, mwanamama mwembamba wa wizarani anayeongea polepole utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili, alipanga kulitundika juu ukutani kwenye ofisi ya kata ya Kitopeni, ili mawimbi yavuke barabara yafike shule ya msingi. Alishatoboa matundu ya skrubu. Ndipo Waziri wa Mawimbi, Mheshimiwa Dakta Bartazari Mkwepu, akashuka kwenye gari, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Jiwe la msingi liko wapi?"

"Mheshimiwa, hili ni la kutundika tu," Remijia akasema.

"Nimesafiri kilomita mia nne kuja kutundika? Kwani mimi kalenda?"

Watu wakacheka, kwa kuwa Waziri alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka, na watu wakaacha. Ikaamuliwa palepale kwamba jiwe litajengwa mbele ya ofisi ya kata, na kwa kuwa kitu cha thamani hakiachwi nje, sanduku litakaa ndani ya jiwe.

"Mheshimiwa, likifunikwa kwa zege mawimbi yatakosa pa kutokea," Remijia akasema tena. Ana kasoro hiyo, kusema tena.

"Yatazoea," Waziri akajibu.

Wiki mbili baadaye jiwe likawa tayari, refu kama mtu, kibao cha marumaru mbele. Waziri akarudi, akapewa mwiko wenye utepe, akapiga lipu ya mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama na simu mkononi nikitazama vijiti vya mtandao. Vilikuwa vinne. Mwiko wa kwanza, vitatu. Mwiko wa pili, kimoja. Mwiko wa tatu vikaisha, ngoma zikaanza, na mimi nikaandika: *Mradi umezinduliwa rasmi.*

*

Shida ingeishia hapo, isingekuwa shida ya mtu yeyote. Lakini Wizara ya Elimu nayo ilikuwa na lake. Ilitoa waraka kwamba watoto wa darasa la saba wataandikishwa kwa ajili ya mtihani wa Taifa kwa njia ya mtandao peke yake, na siyo mtandao wowote, bali ule wa Serikali, kwa usalama. Atakayetumia bando lake la simu, mfumo utamkataa. Mwisho Ijumaa saa kumi kamili jioni. Asiyeandikishwa atasubiri mwaka mwingine.

Kitopeni, mtandao wa Serikali ulikuwa ndani ya jiwe.

Barua ya Mwalimu Tausi Mbaruku, mkuu wa shule, ilifika mezani kwangu ikiwa na mikunjo sita. Aliandika kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka. Alisema ana watoto arobaini na mmoja. Alisema mwaka jana sharti lilikuwa lilelile, wakaambiwa wakaandikishe mjini, lori likaharibika njiani, na watoto thelathini na wanane wakakosa mtihani. Sentensi iliyofuata ilikuwa fupi: "Waliorudi darasani mwaka huu ni tisa." Hakusema wengine walienda wapi, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Wengine wanachunga, wengine wameshaolewa.

Nikaiweka barua kwenye ajenda, chini kabisa, penye Mengineyo. Ndiko barua za namna hiyo zinakokaa kwetu.

*

Waziri hakusema kwamba jiwe limezima mtandao. Kwenye nchi yangu jiwe halizimi kitu. Alisema huenda tumechagua teknolojia isiyofaa, akaunda Kamati ya Taifa ya Kulinganisha Teknolojia Zisizo na Waya, chini ya Profesa Anselimu Kisiga, bingwa wa historia ya ushuru. Tulikaa Jumanne. Sambusa zilikuwepo.

Profesa akafungua kikao kwa dakika arobaini. Alisema ulimwengu unaelekea kule, na sisi hatuwezi kuelekea huku. Kisha akampa nafasi Mhandisi Remijia alinganishe.

Remijia akaeleza kwamba waifai ina vizazi. Kizazi cha nne ni cha zamani, cha tano kina mbio zaidi, cha sita kinahudumia watu wengi kwa pamoja, cha saba ndicho kipya.

"Basi cha saba," akasema mjumbe wa Itifaki. "Jirani zetu wana cha sita. Sisi tukae na cha nne, si watatucheka mpakani?"

"Namba siyo cheo, mzee wangu," Remijia akasema. "Jambo kubwa ni wimbi. Sanduku letu linajua mawimbi ya juu na mawimbi ya chini. Ya juu yana kasi, lakini ukuta unayasumbua. Ya chini ni ya polepole, ila yanajipenyeza. Ni kama jirani akifungulia redio: maneno huyasikii, lakini besi inakufuata mpaka kitandani."

Profesa akavua miwani.

"Mhandisi, unataka Serikali iongee kwa besi?"

Ikaazimiwa, bila kupingwa, kwamba wimbi la chini ni la kizamani na lizimwe mara moja. Remijia akauliza lizimwe vipi, maana kulizima kunahitaji kulifikia sanduku, na sanduku liko ndani ya zege. Ikaazimiwa kwamba azimio libaki palepale na utekelezaji usubiri. Hivyo ndivyo wimbi la chini lilivyonusurika. Naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelishukuru azimio lile.

Zikaja teknolojia za masafa mafupi. Remijia akaanza na blutuuthi, ya hatua kumi hivi au zaidi kidogo, isiyokula betri sana, akataja kwamba jina lake limetokana na mfalme mmoja wa kale wa ughaibuni aliyekuwa na jino bovu. Mjumbe kutoka Afya akauliza kama aling'olewa. Tukatumia robo saa hapo. Ikafuata ile ya kugusanisha, ambayo kadi na kifaa lazima vikaribiane kama vidole viwili. Mjumbe wa Maadili akataka kujua kama hilo litafanyika hadharani. Ikafuata miale ya rimoti, ambayo hata pazia huizuia. Vya mwisho vikawa vidude vya taa na vitasa, vinavyopokezana ujumbe kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenye moto. Hivyo vikapendwa sana, kwa kuwa kila mmoja angeweza kusema aliyekosea ni aliyemfuata.

Tulipofika Mengineyo, sambusa zilikuwa zimeisha na Profesa alishasimama.

"Kuna barua ya mwalimu," nikasema.

"Ya kuhusu?"

"Watoto arobaini na mmoja, Profesa. Ijumaa hii."

"Tutakuwa kulekule Kitopeni Alhamisi kwa majaribio. Atatuona." Akasema kana kwamba kutuona ndiyo dawa.

*

Alhamisi tukafika Kitopeni na turubai, viti vya vitambaa vyeupe, na meza ndefu. Vipokezi vikapangwa mezani kwa itifaki: kizazi cha saba katikati, cha sita kulia kwake, cha tano kushoto, cha nne mwishoni karibu na jagi la maji. Blutuuthi na wenzake wakapewa meza ya plastiki.

Jambo moja lazima nilieleze. Kanuni ya Alama za Taifa, kifungu cha tatu, inakataza mtu yeyote kusimama nyuma ya jiwe lenye jina la kiongozi. Ukisimama nyuma unakuwa umempa kiongozi kisogo, au yeye amekupa wewe, wanasheria hawajamaliza. Kwa hiyo majaribio yote yalifanyika mbele, uso kwa uso na marumaru.

Kizazi cha saba: hakuna kitu. Cha sita: hakuna kitu. Cha tano vilevile. Cha nne kikapepesa taa mara moja, kikakata. Blutuuthi ilitafuta kwa dakika sita ikampata mjumbe wa Itifaki, au tuseme spika ya masikioni aliyoisahau mfukoni. Kadi ya kugusanisha ilisuguliwa kwenye jina la Waziri mpaka mlinzi wa jiwe akakohoa. Rimoti ikaelekezwa kwenye jiwe na Profesa mwenyewe, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama tufanyavyo sote nyumbani.

Profesa akasoma matokeo. "Ulinganisho wetu unaonyesha kwamba teknolojia zote saba zina uwezo sawa kabisa. Huu ni ushindi wa usawa." Tukapiga makofi.

Mwalimu Tausi alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, nje ya turubai, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, kompyuta ya shule ameibana kwapani ndani ya mfuko wa sukari. Alisogea.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, Mwalimu. Suala lako tumelipokea."

"Mmelipokea, nashukuru. Sasa mtoto nimwandikishe wapi? Kesho saa kumi mlango unafungwa."

"Mwalimu, Taifa linajengwa hatua kwa hatua."

"Mimi sina Taifa hapa, baba. Nina Pili, nina Ng'washi, nina Zuhura ambaye mjomba wake ameshapokea barua ya posa na anangoja tu nimwambie mtihani umeshindikana." Akaisogeza kompyuta kwapani. "Naomba mtoe hilo sanduku. Nitalishika mkononi siku nzima kama mwanangu."

Profesa akamwambia kuvunja jiwe la Serikali ni miaka mitano. Akamwambia kwa upole sana. Nilitazama daftari langu. Jamani, nimeyatazama madaftari mengi, lakini siku ile nilikuwa nalitazama kwa haya.

Wenzangu wakaondoka. Mimi nikabaki kulinda vitambaa vyeupe hadi Ijumaa, maana Waziri alikuwa anakuja kufunga zoezi.

*

Aliyelijenga jiwe lile anaitwa Fundi Mashavu, mwashi wa palepale Kitopeni, mtu mnene mwenye kucheka kabla ya kuongea. Jioni ile alimfuata Mwalimu pale alipokuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi ya kata. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa, na masikio sikuyakunja.

"Mwalimu, mbona mnahangaika mbele? Nenda nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nakwambia."

Mwalimu akamkata jicho. Mashavu akacheka, kisha akaacha.

"Saruji iliandikwa mifuko kumi na miwili. Iliyonifikia ni mitatu. Wakubwa wakaniambia, fundi, wewe hakikisha mbele panang'aa. Basi mbele nikamwaga zege la kweli. Nyuma nimeweka boksi la televisheni, nikalipaka lipu nyembamba kama chapati ya mama mkwe. Na lile sanduku liko hukohuko nyuma. Mungu anisamehe."

"Mungu akubariki," Mwalimu akasema.

Ijumaa saa mbili asubuhi akaenda nyuma ya jiwe. Kule kuna upupu, chupa tupu na njia ya mbuzi. Akatandika kanga, akafungua kompyuta, na wimbi la chini, lile la kizamani lililoazimiwa kuzimwa, likampa vijiti viwili. Ukisogea hatua tano vinapotea. Watoto wakajipanga kando ya ukuta, wanaingia mmojammoja: jina, picha, namba ya cheti cha kuzaliwa, subiri gurudumu lizunguke, haya, anayefuata. Kila mtoto dakika kumi na ushei.

Mimi nilikuwa upande wa mbele. Wajibu wangu ulikuwa kuripoti mtu yeyote aliye nyuma ya jiwe. Lakini katibu huandika anachokiona, na aliyekaa mbele haoni nyuma. Nilikigeuza kiti changu nikatazama marumaru siku nzima. Jina la Waziri nimelikariri hadi nukta.

Mlinzi alinijia mara moja. "Katibu, nasikia watoto huko nyuma."

"Mbuzi hao," nikamwambia.

"Mbuzi anataja tarehe ya kuzaliwa?"

"Mbuzi wa Kitopeni wamesoma. Nenda kanywe chai."

Saa tisa na dakika ishirini Waziri akafika na msafara. Nilihesabu kichwani: nyuma kule alikuwa anaingia wa thelathini na tisa, Zuhura wa arobaini na moja. Nguo ilinishika mgongoni kwa jasho.

Waziri akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba baada ya ulinganisho wa kina, nchi yetu imekiteua kizazi cha saba, na kwamba kizazi cha nane kikitoka tutakuwa tumeshakizoea. Akasema wapo wanaodai jiwe hili linazuia mawimbi. "Jiwe hili," akasema, "ni imara kama Serikali yenyewe!" Akalipiga kofi.

Upande wa nyuma ukadondoka.

Lilidondoka boksi zima na lipu yake, puu, vumbi likapanda juu ya turubai. Na papo hapo simu za Serikali za msafara, zisizokubali mtandao mwingine na zilizokuwa kimya tangu safari ianze, zikaanza kulia zote kwa pamoja: ujumbe wa juzi, picha za harusi, mke wa Profesa akiuliza kwa nini hapokei. Waziri akautazama mkono wake. Watu wakautazama mkono wake. Kisha makofi, vigelegele, na mama mmoja akazimia kwa furaha, au kwa jua.

Hakuna aliyezunguka kwenda kutazama nyuma. Kanuni ni kanuni. Vumbi lilipotua nilisikia tu sauti ya Mwalimu, imekauka kwa lipu, inasema: "Zuhura, jina la baba lina h moja au mbili? Harakisha mwanangu." Saa kumi kasoro dakika saba nikasikia watoto arobaini na mmoja wakishangilia, na umati ukadhani wanamshangilia Waziri. Naye akawapungia.

Niliandika: *Mtandao umepatikana.* Nililia kidogo. Hilo sikuliandika.

*

Nchi yangu haiachi jambo jema lipite bila kulifuatilia. Tume iliundwa kuchunguza kwa nini jiwe la Serikali lilidondoka. Ikagundua wizi wa saruji. Mifuko tisa ilifuatiliwa kwa ujasiri mkubwa hadi kwenye lango la nyumba moja mji mkuu, ambapo ufuatiliaji ukapumzika, na Fundi Mashavu akafungwa miaka miwili. Alicheka mahakamani, akaongezewa miezi mitatu.

Kisha Waziri akaagiza jiwe lijengwe upya, kwa uadilifu. Safari hii saruji yote ilifika. Mifuko kumi na miwili, na nondo juu yake, na askari wa kusimamia. Zege mbele, zege nyuma, zege ubavuni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa niliona mradi wa Serikali uliotekelezwa kama ulivyoandikwa, na sanduku liko katikati yake, linawaka taa zake peke yake gizani.

Wiki iliyopita nimepokea barua yenye mikunjo sita. Mwalimu Tausi anasema wote arobaini na mmoja walifanya mtihani, na Zuhura amechaguliwa shule ya bweni, posa imerudishwa. Anasema mwaka huu ana arobaini na sita, na mwisho ni Ijumaa ijayo. Ameyaandika majina yote, mstari kwa mstari. Ombi lake ni moja tu: "Kama hamwezi kulitoa sanduku, tunaiomba Serikali iturudishie wizi."

Niliyasoma majina yote arobaini na sita kwa sauti, mlango nimeufunga. Kisha barua nikaiweka kwenye Mengineyo, kama inavyotakiwa, maana mimi ni mtumishi ninayefuata utaratibu.

Jana nimeomba likizo ya siku nne. Kwenye fomu, penye sababu, nimejaza: ukarabati. Nyundo ninayo. Patasi nimeiazima kwa mke wa Mashavu, na ameniambia zege la kweli ni gumu, nianzie nyuma.